Unaenda Japani na huli samaki? Mambo ya kuzingatia kabla hujapanda ndege

Watu wengi wanadhani Japani ni rahisi kwa vegani, yaani mtu asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa, maana ukiwaza chakula cha kule unaona tofu (ile kama jibini ya soya), wali, mwani na mboga zimepangwa kama maua. Mi mwenyewe nilienda Osaka kwenye kozi ya wiki 3 na akili hiyo hiyo, siku ya kwanza nikanywa supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, mabakuli mawili kwa raha zangu, jioni ndo mwenzangu ananiambia hiyo supu bana msingi wake samaki.

Kwa hiyo kabla hata ya kutafuta tiketi jifunze neno moja, dashi. Hii ndo supu ya msingi ya jiko lao, wanaitengeneza kwa mwani mkavu unaoitwa kombu na mara nyingi wanaongeza katsuobushi, ambaye ni samaki wa jamii ya jodari, amekaushwa kwa moshi mpaka kawa mgumu kama gogo halafu anakwanguliwa vipande vyepesi kama maranda ya seremala. Wengine wanatumia niboshi, na hao ni dagaa kabisa, ukiwaona utasema wametoka Kigoma. Sasa dashi iko kila mahali: supu ya miso, mchuzi wa tambi za udon na soba, sosi ya kuchovyea tempura (vitu vilivyokaangwa na rojo la unga), mboga za kuchemsha, tofu ya kukaanga inayokuja na mchuzi, mpaka kile kipakiti cha sosi ndani ya natto, zile soya zilizochachushwa. Nyama utaiona kwenye sahani, ila dashi huioni, na ndo maana kazi kubwa inafanyika ukiwa bado nyumbani.

Na usiwakasirikie Wajapani. Mfalme Tenmu alipiga marufuku nyama za wanyama kadhaa mwaka 675, ng'ombe na kuku wakiwemo, na mambo ya nyama yalikuja kulegea rasmi mwaka 1872 ilipotangazwa kwamba mfalme Meiji mwenyewe anakula, lakini samaki hakuwahi kuguswa na hiyo marufuku. Ndo maana ukisema "sili nyama" Mjapani anakuelewa vizuri tu halafu anakuletea samaki, na katsuobushi kwake hata siyo samaki, ni ladha, kama vile mama akuambie mchicha huu hauna kitu wakati kaupika na dagaa wa kusaga.

Kwa hiyo andaa kadi ya Kijapani ya kuonyesha mgahawani. Neno "bejitarian", yaani mla mboga, peke yake halitoshi maana wengi wanadhani mtu huyo bado anakula samaki, we taja vitu kimoja kimoja. Hii hapa, inasema huli nyama, vya baharini, mayai wala maziwa, na dashi ya katsuobushi au niboshi pia huli, ila ya kombu na uyoga wa shiitake haina shida:

肉、魚介類、卵、乳製品は食べられません。かつお節や煮干しのだしも食べられません。昆布としいたけのだしは大丈夫です。

Piga skrinishoti na nyingine printi kabisa, simu inazimaga chaji muda ambao njaa imekubana. Onyesha kadi kabla hujakaa, siyo baada ya kuagiza, na wakikuambia hawawezi shukuru uondoke, kule siyo utamaduni wa kubadilishabadilisha chakula mteja akishakaa. Vijiwe vingi vya rameni, zile tambi za supu, unanunua tiketi kwenye mashine mlangoni, hapo hata wa kumuuliza unaweza usimpate.

Ndege ni rahisi, omba mlo wenye alama VGML, yaani wa vegani, unapobuku, au siku mbili kabla uwe salama. Ukipita Addis ujue Wahabeshi wana chakula cha mfungo, hicho hakina nyama wala maziwa, utakula vizuri.

Malazi ndo pa kuwa makini. Hoteli za kienyeji, ryokan, nyingi bei inakuja na chakula cha jioni cha sahani kibao na samaki yuko karibu kila sahani, so andika wakati wa kubuku na usubiri wakujibu kwamba wanaweza, ukifika na kusema mlangoni umechelewa. Mi ningekushauri weka usiku mmoja Koyasan, mlima mkoani Wakayama ambao mtawa Kukai alipewa mwaka 816 kujenga hekalu, leo kuna mahekalu kama 50 yanayolaza wageni na chakula chao ni shojin ryori, mapishi ya watawa, hakuna nyama hakuna samaki, hata vitunguu na vitunguu saumu hawatii. Kuna tofu ya ufuta pale, laini mpaka unaogopa kuishika na vijiti. Bei siyo ya mchezo, na chakula cha jioni ni mapema, saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili hivi, ukichelewa treni umeumia.

Programu ya HappyCow, ya kutafutia migahawa ya vegani, shusha mapema, na ile ya kutafsiri kwa kamera pakua Kijapani kabisa itumike bila bando. Ukipita stesheni ya Tokyo kuna T's TanTan, rameni ya vegani, ila iko ndani ya mageti ya treni. Angalia saa za kufungua pia, migahawa mingi inafunga kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja, na vingine vidogo vinataka keshi.

Siku mbaya utaokolewa na konbini, vile viduka vya 7-Eleven, Lawson na FamilyMart. Onigiri (tonge la wali) ya umeboshi, yaani plamu ya chumvi, edamame (soya changa), viazi vitamu vya kuchoma. Ila soma lebo yote, usiamini kile kisanduku cha mzio peke yake, vya lazima humo ni vitu kama mayai, maziwa, ngano, soba (nafaka ya zile tambi), karanga, kamba, kaa na walnuti, samaki hayumo! Tafuta maandishi haya: かつお, yaani katsuo, yule samaki wa katsuobushi. Ukiyaona rudisha.

Begini usibebe nyama wala matunda mabichi, forodha yao haina utani, nyama hairuhusiwi na matunda yanataka cheti. Mi nabeba siagi ya karanga, maana mkate wa kule mara nyingi una maziwa lakini wali mweupe hauna neno, ukipaka siagi kidogo unalala umeshiba. Iweke tu kwenye begi la chini, la mkononi wale wa usalama wanaihesabu kimiminika na utaiacha pale pale uwanjani.