Kubadilisha Vipuri vya Nebulaiza ya Nyumbani

Dawa iliyozoea kuisha kwa dakika 10 hivi ikianza kuchukua 20, usiilaumu kwanza nebulaiza, yaani mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta kifuani, bali fungua kikombe cha dawa ukikague. Ndani yake mna kipande kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya tundu la hewa na kuivunja dawa iwe ukungu. Tundu likiziba kwa mabaki au likichakaa, ukungu hupungua na matone huwa makubwa mno kufika ndani ya mapafu. Kipande hicho hupotea kirahisi wakati wa kuosha, kwa hiyo kihesabu kila mara. Unaponunua kikombe kipya, chagua kinacholingana na modeli ya mashine yako, kwa kuwa nguvu ya hewa hutofautiana.

Kichujio cha hewa kikigeuka kijivu, kibadilishe. Mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye mashine hadi kwenye kikombe ukiwa na unyevu, washa mashine bila dawa mpaka ukauke. Ukiwa na ufa au madoa ya kuvu, utupe.

Barakoa ndiyo hupuuzwa zaidi, nalo ni jambo la kusikitisha: mtoto akivalishwa ya mtu mzima, ukungu mwingi huvujia machoni badala ya kuvutwa kifuani.