Somo: Gitaa la umeme likitoka tuni, anza na nati kabla ya kununua funguo mpya

Gitaa likianza kutoka tuni, wapigaji wengi wa bendi na kwaya hapa Dar hukimbilia Kariakoo kutafuta funguo mpya, zile za kukazia nyuzi kichwani. Mara nyingi funguo hazina kosa. Uzi unakwama mahali, na mahali penyewe kwa kawaida ni nati, yaani kile kipande chenye mifereji sita kati ya kichwa na shingo. Funguo za bei kubwa haziwezi kukwamua uzi. Fuateni mpangilio huu bila kuruka.

Hatua ya 1: Tafuta kosa lilipo
Tuni uzi wa tatu, G. Upinde kwa nguvu kama unavyofanya kwenye solo, uachie, upime tena. Kama umeshuka, bonyeza uzi nyuma ya nati, upande wa kichwani, kisha pima. Ukipanda na kurudi kwenye noti yake ya mwanzo, nati ndiyo iliyoushika. Dalili nyingine ni kamlio ka "tik" unapozungusha ufunguo. Kwenye tremolo, yaani briji (kile kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) inayotikiswa kwa mkono wa chuma, mambo hugeuka: ukishusha mkono wake na kuuachia, uzi uliokwama hubaki juu, kwa sababu ulipolegea ulivutwa kichwani na haukurudi wote.

Hatua ya 2: Nyuzi na jinsi ulivyozifunga
Hewa ya chumvi na jasho la hapa kwetu huzipa nyuzi kutu haraka, na uzi wenye kutu hukwaruza mfereji. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Unapofunga mpya, acha urefu wa kuzungusha mara mbili au tatu kwa nyuzi nene, tatu au nne kwa nyembamba, kila mzunguko ukikaa chini ya uliotangulia. Mizunguko ikipandana, itaendelea kujibana katikati ya onyesho. Kisha vuta kila uzi kwa mkono, tuni, vuta tena, hadi usishuke. Na siku zote fika kwenye noti ukitokea chini. Ukizidisha, shuka mpaka chini yake ndipo upande, maana meno ya ufunguo huwa na nafasi ndogo ya kulegea.

Hatua ya 3: Nati
Hapa msiwe na haraka. Mfereji mzuri ni mpana kidogo kuliko uzi, unainama kuelekea kichwani, na uzi huzama karibu nusu ya unene wake. Gitaa lililotoka kiwandani na nyuzi za 9 (yaani uzi mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.009) ukalifunga za 10 au 11 mara nyingi hubana, maana mifereji haikuchongwa kwa unene huo.

Legeza uzi, utoe kwenye mfereji, safisha uchafu, kisha paka unga wa penseli laini, 2B au zaidi. Msitumie mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Hukamata vumbi na baada ya muda hali inakuwa mbaya zaidi. Kama bado unabana, kunja msasa namba 1000 juu ya kipande cha uzi mwembamba kuliko ule unaotumika, upitishe taratibu ukigusa kuta tu. Ukigusa sakafu ya mfereji, uzi utashuka na kuanza kukwaruza freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni), na hapo dawa ni nati mpya. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, ukitolewa mafuta yote na kukauka kabisa, unafaa kuliko plastiki laini ya magitaa ya bei rahisi. Nati za grafaiti nazo ni nzuri sana.

Hatua ya 4: Tremolo
Mpiga rizimu, au solo wa sebene asiyegusa mkono wa tremolo, aifunge tu. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili za kibanio cha springi mpaka briji ilale juu ya mbao. Anayeitumia, na briji yake ina skrubu sita mbele, aache mbili za pembeni zibebe mzigo na kulegeza kidogo nne za kati.

Hatua ya 5: Funguo za kujifunga
Sasa ndipo mnunue, mkitaka. Hubana uzi ndani ya nguzo, hivyo mzunguko mmoja hautimii na hakuna cha kujibana. Pimeni tundu la kichwani kwanza: magitaa mengi ya kisasa ni milimita 10, ya mtindo wa zamani ni kama 8.7. Uwiano wa 18:1 (unazungusha ufunguo mara 18 nguzo izunguke mara moja) badala ya 14:1 hufanya kutuni kuwe kwa makini zaidi, lakini haushikilii tuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, langu ni la funguo tatu kila upande, halina tremolo. Mbona G tu ndiyo inasumbua?
Kwenye vichwa hivyo D na G hupinda pembeni zikishatoka kwenye nati, basi husugua ukuta wa mfereji. Fanya hatua ya 3 kwa nyuzi hizo mbili, utaona tofauti.

Nyuzi wazi, zisipobonyezwa, ziko sawa, ila freti ya 12 inapanda. Ni funguo?
Hapana, ni sadeli ya briji, kile kipande ambacho uzi hukalia. Irudishe nyuma, mbali na shingo, kidogo kidogo, ukiwa na nyuzi mpya.

Kaka, nina Floyd Rose, ile tremolo yenye nati ya kufunga. Nikifunga nati tuni inahama zote sita.
Hilo ni la kawaida. Mfumo huo, uliopewa hataza Marekani mwaka 1979, hubana uzi pande zote mbili, kwenye nati na kwenye briji, na vibanio vikikazwa huusukuma kidogo. Weka skrubu ndogo za kutuni kwenye briji katikati ya mwendo wake, tuni kwa funguo za kichwani hadi nyuzi zote zitulie, kaza vibanio kwa spana ya aleni ya milimita 3 bila kulazimisha, kisha maliza kwa zile skrubu ndogo. Zikifika mwisho wake, fungua nati uanze upya.