Kabla kenge wako hajataga: mambo ya kuzingatia

Mayai yakimkwama kenge jike tumboni, swali la kwanza ni moja: alikuwa na udongo wa kuchimba? Mara nyingi hakuwa nao. Aliwekwa kwenye tangi la kioo lenye maranda ya mbao yasiyozidi vidole vinne, akazunguka, akaparura pembe zote, mwishowe mayai akayazuia. Kwa hiyo maandalizi huanza na udongo, tena kabla hujaona tumbo. Wala usijipe moyo kwamba hana dume: jike aliyekomaa anaweza kutunga mayai yasiyo na mbegu akiwa peke yake, na hayo nayo lazima yatoke.

Nazungumzia hasa kenge wa savana, Varanus exanthematicus, anayesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin na kufugwa sana Marekani na Ulaya. Wewe uliye Kenya au Tanzania, anza na kibali. Kenge ni mnyamapori na sheria haitanii.

Kina cha udongo kisipungue sentimita 60. Changanya mchanga na udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa, nyunyizia maji, kisha finya konzi moja: ukishikana bila kudondosha maji, unafaa. Halafu chimba tundu la kuingiza mkono hadi kiwiko, uliache hadi kesho yake. Paa likiporomoka, kenge naye atalisusa. Yeye huchimba, huzamisha kichwa, hugeuka ndani, na asiporidhika hutoka akaanze pengine. Chini huko joto liwe nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, lipimwe kwa kipimajoto chenye waya uliozikwa. Lipashe kwa taa iliyo juu, maana mkeka wa umeme chini ya kizimba hukausha udongo. Kenge wa mtoni wa kwetu Afrika hupasua kichuguu na kutaga humo, mchwa wakaziba tundu, na mayai yakabaki kwenye joto na unyevu usioyumba. Hicho ndicho unachokiiga sebuleni.

Ila piga hesabu ya uzito. Sanduku la urefu wa mita 1.2, upana na kina sentimita 60 kila kimoja, likijaa udongo mbichi linapita nusu tani. Kama unaishi ghorofani, hakikisha kwanza sakafu inahimili.

Mahali pa kuotea joto uso wake ufike nyuzi 50 au zaidi, na upande mwingine wa kizimba ubaki na ubaridi wa kukimbilia. Taa ya UVB, yaani inayotoa miale ya urujuanimno kama ya jua, iwepo. Lishe ni wadudu na konokono, wadudu wakipakwa unga wa kalsiamu. Panya kwa kiasi, kwani jike mnene hutaga kwa taabu. Beseni la maji limtoshe kujitumbukiza mwili mzima.

Mbavu zikishatanuka, usimbonyeze tumbo kutafuta mayai, yanaweza kupasuka ndani. Anayetaka uhakika ampeleke kupigwa picha ya eksirei. Karibu na siku yenyewe hula kidogo au hugoma kabisa, na kuchimba kunakuwa kazi ya kutwa. Hapo mtoe dume, maana atamsumbua na mayai anaweza kuyala, kisha acha kufunguafungua mlango kumchungulia.

Daktari mtafute sasa, si usiku wa dharura; wengi wanaotibu mbwa na paka hawajawahi kumgusa kenge. Mpeleke upesi akisukuma bila kitu kutoka, akitaga machache kisha akasimama huku akinyong'onyea, au macho yakididimia na miguu kulegea. Yai lililochungulia usilivute. Mayai yakionekana yametapanywa juu ya udongo au ndani ya beseni, jua kiota hakikumfaa, na huenda mengine bado yamo tumboni.

Mashine ya kutotoleshea iwashwe siku kadhaa mapema, itulie kwenye nyuzi 28 au 29, na vermikulaiti, yaani chembe za madini zinazoshika unyevu ambamo mayai hulazwa, ichanganywe na maji kwa uzito sawa. Weka penseli karibu: kila yai litiwe alama juu kabla ya kuinuliwa, libaki na upande huohuo juu kwa miezi 5 hadi 6 ya kungoja. Mama atatoka shimoni amekonda, ngozi imelegea ubavuni. Mpe maji kwanza, chakula baadaye.