Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Shauri la Malezi ya Mtoto

Mzazi anayejiandaa kwenda mahakamani kudai malezi ya mtoto mara nyingi huwa ameshapanga kichwani orodha ndefu ya makosa ya mwenzake: usiku aliorudi amelewa, fedha alizoficha, maneno aliyoyatamka mbele ya wakwe. Orodha hiyo ina uzito mdogo kuliko anavyodhani. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, kinataka maslahi ya mtoto yawe jambo la msingi la kuzingatiwa katika kila uamuzi unaomhusu. Swali lililo mbele ya hakimu si nani aliivunja ndoa, bali mtoto huyu atalala wapi, atatunzwa na nani, na ataendeleaje kumpata mzazi asiyeishi naye. Makosa ya mzazi huingia katika hesabu pale tu yanapomgusa mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya kumwona wakili, andika bila kupamba wiki moja ya maisha ya mtoto wako: nani humwamsha, nani hukagua daftari zake, nani huitwa na mwalimu akiugua. Ikiwa ana pumu, eleza dawa yake ya kupulizia hutumika lini na hukaa katika mfuko gani wa begi la shule. Mzazi anayejibu swali hilo la mwisho bila kusita ametoa ushahidi ambao kurasa kumi za hati ya kiapo zisingeweza kuutoa. Ambatanisha nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti za shule, risiti za ada na amri yoyote iliyokwisha kutolewa. Ujumbe wa simu uhifadhiwe mazungumzo yote pamoja na tarehe zake, kwa sababu kipande kilichokatwa humrudia aliyekikata: mwenzako naye anayo simu yenye mazungumzo yale yale.

Kamati ya Haki za Mtoto, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia Mkataba huo, katika Maoni ya Jumla Na. 14 ya mwaka 2013, ilitaja mambo ya kupimwa katika kutafuta maslahi ya mtoto: maoni ya mtoto, utambulisho wake, kulindwa kwa mahusiano yake ya kifamilia, usalama na matunzo yake, hali yoyote inayomweka katika hatari zaidi, afya yake na elimu yake. Ni zoezi zuri kuandika mbele ya kila jambo kile unachoweza kukitoa na kile usichoweza. Hayo ya pili yaandike kwa unyofu, maana afisa wa ustawi wa jamii atakayefika nyumbani atayaona hata hivyo.

Jambo linaloharibiwa zaidi na wazazi ni sauti ya mtoto. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kuyatoa, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ni haki, si wajibu, anaweza kunyamaza. Mtoto wa miaka saba anayesema kwamba baba yake "hatimizi wajibu wake wa kisheria" amefundishwa, na msikilizaji mzoefu hulitambua hilo kabla sentensi haijaisha. Usimuulize anampenda nani zaidi, wala usimkaririshe majibu njiani. Mweleze tu kwamba huenda akaongea na mtu fulani, kwamba hatakosea akisema ukweli, na kwamba uamuzi hautakuwa mzigo wake.

Vilevile, andaa pendekezo la namna mtoto atakavyoonana na mzazi mwenzako. Kifungu cha 9 cha Mkataba huo kinaitaja haki ya kudumisha mawasiliano ya mara kwa mara na wazazi wote wawili kuwa ni ya mtoto, isipokuwa pale inapokuwa kinyume na maslahi yake, hivyo ni kosa kumzuia mtoto asionane na mzazi wake kwa kuwa fedha za matunzo zimechelewa. Pendekezo liwe la kutekelezeka: Ijumaa saa ngapi, makabidhiano yafanyike wapi, sare za shule zirudi siku gani.

Penye ukatili mpangilio hubadilika kabisa. Usalama hutangulia, na amri ya ulinzi huombwa kwanza, ikiungwa mkono na taarifa za daktari na za polisi. Anwani mpya isiandikwe katika nyaraka zitakazomfikia mtuhumiwa kabla ya kuuliza mahakama namna ya kuificha, na msuluhishi aelezwe kabla ya kikao chochote cha ana kwa ana.

Kuhusu safari, Mkataba wa The Hague wa 1980 huwahusu watoto walio chini ya miaka 16 waliohamishwa kinyume cha sheria kutoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine. Kwa kawaida mtoto hurudishwa katika nchi aliyokuwa akiishi, isipokuwa kwa sababu chache kama hatari kubwa kwake, na mahakama za huko ndizo huamua malezi. Ombi likicheleweshwa zaidi ya mwaka mmoja, mtoto anaweza kubaki alipo ikithibitika kwamba amekwisha kuzoea mazingira mapya. Anayetaka kusafiri apate ridhaa ya maandishi. Anayehofia mtoto kutoroshwa aombe mapema amri ya kuzuia safari, kabla tiketi haijakatwa.

Usiidharau amri ya muda, yaani ile inayotolewa wakati shauri bado linaendelea. Miezi hupita, mtoto huzoea ratiba iliyowekwa, na mahakama husita kuivuruga baadaye. Kwa hiyo kikao cha kwanza kiandaliwe kama vile ndicho cha mwisho. Usichapishe lolote kuhusu shauri hilo mitandaoni. Siku ya kusikilizwa, panga mapema nani atakayemchukua mtoto shuleni kesi ikichelewa, na umwambie mtoto asubuhi ile jina la mtu atakayemkuta getini.