Kabla hujalipia nyumba Dar, uliza maji yalifika wapi

Mwezi wa tisa nyumba yoyote ya Dar es Salaam inapendeza. Njia ya mtaani imekauka, ukuta umepigwa rangi, dalali anakwambia wateja wengine wanakuja kesho. Ndio wakati mbaya kuliko yote wa kuijua nyumba. Kama unaweza kuvuta subira, nenda kaitazame wakati wa masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba, na ufike asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, uone maji yamesimama wapi na yanaelekea wapi. Usipoweza kusubiri, itabidi utafute habari za mvua zilizopita. Zipo, ukijua pa kuzitafuta.

Hati miliki haitakusaidia kwa hili. Watu wanakwenda ofisi ya ardhi, wanafanya upekuzi wa hati, wanakuta jina ni la muuzaji na kiwanja hakina mkopo wala kesi, wanarudi roho zimetulia. Hatua hiyo usiiruke. Lakini hati inataja mwenye nyumba, haitaji kwamba Desemba 2011 maji yaliingia sebuleni. Wapo watu wenye hati safi kabisa ambao mvua zikichanganya wanahamia kwa ndugu.

Kwa hiyo uliza watu, na uchague wa kuwauliza. Jirani mwenye nyumba naye ana mali ya kulinda. Akikwambia mtaa unajaa maji, bei ya kwake inashuka pia. Mpangaji hana sababu ya kuficha. Zungumza na mpangaji aliyekaa miaka mingi, mwenye duka, mama ntilie, kijana wa bodaboda anayejua njia ipi haipitiki mvua ikinyesha. Usiulize "hapa kuna mafuriko?" maana utajibiwa "hapana, ni maji ya kupita tu." Uliza kwa mvua wanazozikumbuka: El Nino ya 1997 na 1998, Desemba 2011, Aprili 2014, Aprili 2018, na zile zilizoanza vuli ya 2023 zikaendelea hadi Aprili 2024. "Siku ile maji yalifika wapi?" Aliyeyapitia atakuonyesha kwa mkono: hapa gotini, hapa kwenye kitasa. Muulize pia yalikaa muda gani kabla ya kuondoka. Pita na kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu kaya zinapokumbwa na maji taarifa huanzia kwao.

Sasa itazame nyumba, tena polepole. Ukuta uliowahi kulowa hutoa chumvi nyeupe, plasta ikavimba na kubanduka, na mara nyingi inaanza upya miezi michache baada ya kupakwa rangi. Rangi mpya chumba kizima si jambo la ajabu kwa nyumba inayouzwa. Rangi mpya kuanzia sakafuni hadi kiunoni peke yake, au vigae vilivyobandikwa kimo hicho chumbani, hiyo dai maelezo. Fungua kabati la jikoni uangalie nyuma yake. Bonyeza fremu ya mlango sehemu ya chini kwa kidole. Mbao iliyokaa majini inavimba, inakuwa laini. Angalia soketi za umeme zilizohamishwa juu, na makabati yaliyopandishwa kwenye matofali. Zunguka nyuma ya uzio, upande ambao hakuna anayepaka rangi: mstari wa tope ukutani unakupa kimo cha maji bila kumuuliza mtu.

Kitu ninachokiamini kuliko vyote ni kizingiti. Ukikuta mlangoni kumejengwa kijiukuta cha tofali ambacho lazima ukivuke ndipo uingie, mwenye nyumba hakutumia saruji yake kuzuia maji yasiyokuja. Tazama na milango ya majirani. Viroba vya mchanga, matairi yaliyopangwa kwenye ukingo wa mtaro, msingi wa nyumba mpya ulionyanyuliwa juu kuliko nyumba za zamani, vyote hivyo ni ushahidi.

Mafuriko nayo si ya aina moja. Kuna maji ya mto, kama Msimbazi unaotoka milima ya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani: yanakuja kwa kishindo, na tope zito. Kuna maji yanayosimama, kama yanavyojulikana Basihaya kule Boko, ambako ardhi ikishashiba maji hayana pa kwenda. Mimi naona haya ya pili ndiyo yanayowakamata wanunuzi wengi, kwa kuwa hakuna mto karibu wa kuwatia shaka. Waulize wenyeji kama masika mashimo ya vyoo hufurika, na kama chemba hurudisha maji. Matete yakiota kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa, unyevu hauko mbali.

Penye mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Pima mwenyewe kwa futi kamba, usikubali makadirio ya dalali. Na kingo zinahama: mito kama Tegeta na Mbezi imekula ardhi, uchimbaji mchanga ukiizidishia, kwa hiyo nyumba iliyojengwa mbali na mto, leo inaweza kuwa ukingoni. Programu ya Google Earth ina picha za miaka ya nyuma. Rudisha miaka uone mto ulipita wapi na kiwanja kilikuwa nini kabla ya nyumba. Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 kwa kuwashirikisha wanafunzi na wakazi, ulichora mitaro na njia za maji za kata nyingi za Dar, na kazi hiyo iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni.

Kwa bonde la Msimbazi, uliza mtaani na manispaa kama nyumba imo kwenye eneo la mradi wa kuliendeleza bonde na kama imeshafanyiwa tathmini ya fidia. Mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi bondeni zilichorwa X na kubomolewa.

Historia safi nayo haitoshi kama mazingira yamebadilika. Jirani wa juu akimwaga kifusi, au barabara ikiinuliwa na kalvati ikawa dogo, maji yanatafuta njia nyingine. Fuata mtaro kwa miguu mpaka unapoishia. Usipoishia popote, unaishia kwako.

Ukishapata majibu, mwambie mwanasheria aandike kwenye mkataba wa mauziano tamko la muuzaji kwamba nyumba haijawahi kuingia maji, au imewahi lini na kwa kimo gani. Nyumba iliyoingia maji ya kifundoni mara moja, 2011, unaweza kuinunua kwa bei iliyopunguzwa gharama za kuinua sakafu na kujenga mtaro, baada ya fundi wako, si wa muuzaji, kukupigia hesabu. Inayoingia kila masika, iache hata ikiwa nusu bei.