Somo: Usimuulize mgonjwa "umefahamu?"

Wauguzi wenzangu, hasa mnaoanza kazi huku Lamu, neno "umefahamu?" liacheni. Mzee wa huku hatakwambia "la" mbele za watu. Atasema "nimefahamu, mwanangu," achukue bahasha yake ya dawa, apande boti arudi Faza. Mimi mwenyewe nilimwandikia mvuvi mmoja 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, nikamwacha aende. Aliporudi tumbo likimsokota ndipo nikajua: alikuwa akimeza vidonge vitatu kwa mpigo kila asubuhi, "nisiwe na deni nikiwa baharini." Kosa langu, si lake.

Siku hizi nafanya hivi.

Kwanza, keti, salimia, kisha uliza: "Umeambiwa una nini?" Jibu litakuonyesha pa kuanzia.

Pili, mambo mawili matatu tu, kwa maneno ya nyumbani. Sema presha, si "shinikizo la damu".

Tatu, saa. Ukiandika 8:00 atasoma saa nane. Dawa ya kila baada ya saa 8 naifunga na sala: saa 11 alfajiri, saa 7 adhuhuri, saa 3 usiku akishaswali isha. Hapa karibu na ikweta nyakati za sala hazihami sana, kwa hivyo hesabu inakaa. Asiyeswali, shika kuamka, chakula cha mchana na kulala.

Nne, na hapa ndipo penye kazi: mwache akufundishe wewe. "Bibi, nataka nijue kama mimi nimeeleza vizuri. Mjukuu akikuuliza dawa hizi hunywewa vipi, utamwambiaje?" Mpe bahasha mkononi aonyeshe. Akikosea, tafuta njia nyingine. Usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, maana si kiziwi.

Maswali ya wanachama

— Dada, foleni imefika mlangoni. Muda nautoa wapi?
Ni dakika moja hivi. Ukizidiwa, anza na wazee na waliobadilishiwa dawa.

— Wangu wa presha humeza kichwa kikiuma tu.
Mwambie presha haibishi hodi. Mara nyingi haiumi mpaka imeshaharibu. Halafu muulize: kesho kichwa kisipouma, utafanyaje?

— Na Ramadhani?
Dawa ya mara moja kwa siku aghalabu huhamia futari au daku. Wa sukari, hasa wa sindano, amwone daktari kabla mwezi haujaandama. Usimpangie wewe dirishani.