Mtoto akitoka tu: angalia haya kabla hujaanza kupiga picha

Nawaandikia nyie mnaomsindikiza mtu leba, mume, dada, shangazi, yeyote. Nesi ndo anapima, ila macho unayo na mdomo unao, vitumie.

Kwanza alie, au apumue mwenyewe ndani ya dakika moja. Asipopumua anakaushwa haraka, anasuguliwa mgongo, bado akigoma anapewa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, yote ndani ya dakika hiyohiyo. Hapo kaa pembeni, usimpigie mkunga kelele.

Halafu kuna Apgar, maksi alizobuni daktari wa Marekani Virginia Apgar mwaka 1952. Dakika ya kwanza na ya tano wanaangalia mapigo ya moyo, pumzi, rangi, viungo vimekaza au vimelegea, na anavyoitikia akiguswa, kila kimoja 0 hadi 2. Kuanzia 7 yuko vizuri. Viganja na nyayo kuwa bluu mwanzoni ni kawaida, ulimi bluu si kawaida. Na msilinganishe maksi za watoto, hazitabiri akili ya mtoto.

Akaushwe, avishwe kofia, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa moja. Kuoga kusubiri saa 24. Uliza kama kachomwa vitamini K, ya kuzuia kuvuja damu. Njia ya haja kubwa iangaliwe kama ipo wazi, msione aibu.

Sasa hili la pumzi lishikeni. Wifi yangu alijifungua salama, Apgar nzuri, tukapongezana. Baadae kidogo mtoto akaanza kutoa kasauti, nh, nh, nh, kila akishusha pumzi. Mmoja akasema anaimba, mwingine ana njaa, mwingine anataka kumpa maji ya sukari. Aliyetuokoa ni mama wa kitanda cha jirani, alishampoteza wake kwa namna hiyohiyo, akafunua kanga: pua zinatanuka, ngozi chini ya mbavu inazama ndani kila pumzi. Akaenda kumwita nesi yeye mwenyewe, na mshono wake. Wakahesabu, pumzi 78 kwa dakika wakati kawaida ni 30 hadi 60! Moja kwa moja oksijeni na dripu, daktari akasema ni maambukizi kifuani, chupa ya uzazi ilipasuka mapema mno. Mtoto alipona, ila angechelewa usiku ule sijui.

Kwa hiyo Apgar nzuri isiwalaze. Funua kifua, mtoto akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kwa simu. Akizidi 60, hesabu tena, bado imezidi ita nesi. Akiguna hivyo au kifua kinazama, ita hapohapo, na mdomoni asipewe kitu.

Mengine, akiwa wa njano siku ya kwanza hiyo si ya kuanika juani, aonwe na daktari, angalia fizi na weupe wa macho maana kwenye ngozi nyeusi haionekani haraka. Asiponyonya, akilegea, akiwa wa moto au wa baridi, saa 24 zikipita hajapata choo, semeni. Kitovuni msipake majivu wala mafuta. Na mama mwenye damu ya Rh hasi, yaani kundi lenye alama ya kutoa kama O-, mtoto apimwe kundi lake mapema, akiwa chanya mama achomwe sindano ya anti-D, ya kulinda mimba zijazo, ndani ya saa 72, ulizeni mapema maana sio kila hospitali inayo.